Dubow Gelle na Ngamia wa Golikipa

Tunamzika leo alasiri, tarehe 15 Machi 1958, mtu ambaye kwa miaka saba hakulala usingizi wa kushiba. Mimi Mahat, mtoto wa ndugu yake, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Marehemu Dubow Gelle alizaliwa karibu na Elwak mwaka 1911, msimu wa mvua. Alisoma duksini, chuo cha Kurani, kwenye loho ya mbao, kisha akapelekwa Wajir kwa mjomba wake mwenye duka. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili na hesabu. Shule nyingine hakuiona.

Alihamia Garissa mwaka 1934 kuuza mifugo, na mwaka 1937 akamwoa Fatumo Nuh. Alikuwa mwoga wa ahadi. Mtu akimwambia "tutaonana kesho," alitaka kujua kesho saa ngapi, na kama mwenzake hatatokea, afanyeje.

Mtu wa namna hiyo ndiye wafanyabiashara waliyemfanya mweka hazina wa timu yao ya mpira mwaka 1950. Walitaka wachezaji wa kulipwa, na mshahara wa msimu ukawa ngamia jike mmoja wa maziwa kwa kila mchezaji, awe mali yake kabisa. Michango iliingia vizuri mpaka karantini ya mifugo ilipofunga soko mwaka uliofuata. Wenye timu wakaingia mitini. Dubow, ambaye ndiye aliyewaapia wachezaji, akatoa ngamia wake mwenyewe, mmoja mmoja.

Wa mwisho alikuwa golikipa, Koricha, kijana wa Bute, kaskazini mwa Wajir. "Ngoja Ijumaa, walaal," Dubow alimwambia. Alhamisi Koricha akapata habari kuwa baba yake mgonjwa, akadandia lori la Wajir. Dubow alifika sokoni na ngamia mkononi, akakuta vumbi tu. Alituma salamu kwa kila dereva na kila msafiri. Hazikujibiwa.

Tangu siku hiyo ngamia yule akawa wa Koricha. Dubow alimchunga, akamtibu, akamtengea zizi. Ukame wa mwaka 1955 mwanawe Saado alilia njaa, na Fatumo akashika chombo cha kukamulia.

"Hii ni ya Koricha," Dubow akamzuia. "Sisi nachunga tu."

"Koricha ako wapi? Mtoto ako hapa!"

Sheikh alimwambia maziwa ni haki ya mchungaji. Dubow alimshukuru, akaenda kuomba maziwa kwa jirani. Ya ngamia yule aliwaachia ndama. Fatumo alikasirika sana, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Mwezi uliopita alishikwa na homa ya ini. Hospitalini, honi ya lori ikilia, aliinua kichwa. "Ni ya Bute?" Zaidi ya kufa kwenyewe, aliogopa kwamba atafufuliwa akiwa na deni la mtu. Alifariki jana, baada ya swala ya Isha.

Koricha amefika leo asubuhi. Salamu zilimkuta, mwishowe, kisimani. Tulimpeleka zizini, tukamwonyesha ngamia wake na ndama watatu aliowazaa, wawili wakiwa wameshakua. Tulipomweleza na ya ukame ule, alikaa chini mchangani.

"Miaka saba mimi nasema kwa watu huyu mzee ni mwizi, ile Ijumaa yake ni uongo tu," alisema. "Kila kisima ya Bute nasema. Sasa nani atanisamehe?"

Fatumo akachukua chombo, akamkamua ngamia yule kwa mara ya kwanza, akampa Koricha maziwa. Akanywa nusu. Nusu akampa Saado.

"Kunywa, mtoto. Hii ilikuwa yako zamani."

Marehemu ameacha mjane, Fatumo; mabinti zake, Zamzam na Saado; na kaka yake, Korane. Kama kuna mwingine anayemdai, aje kwetu. Koricha ameshatamka mbele ya sheikh kwamba hamdai kitu, na sisi tumemjibu kwa niaba ya Dubow kwamba naye amesamehewa. Tunatumaini hatukukosea.

Adeer, ami yangu, deni limekwisha. Mola akupe sasa ule usingizi.