Mercyline na Nyuzi za Hamira

Marehemu Mercyline Ayuma alizaliwa Silanga, Kibera, tarehe 14 Machi 1984, kifungua mimba wa mama muuza mandazi. Tangu utotoni hakuishiwa maswali. Akiuliza kwa nini unga unaumuka, mamaye alimjibu, "Ni hamira, na uache kufunuafunua!"

Alisoma shule ya msingi karibu na mtaa wa Olympic, sekondari Vihiga, na mwaka wa 2006 akahitimu mafunzo ya kazi ya maabara. Huko akakutana tena na hamira ile ile. Kwa darubini alichunguza jinsi seli ya hamira inavyojigawa: nyuzi nyembamba hutoka pande mbili, zikashika kila jozi ya kromosomu, vibeba urithi vya seli, moja ivutwe huku, nyingine kule. Mara chache uzi hukosea, na seli moja hubaki na kromosomu ya ziada.

Tarehe 5 Desemba 2009 aliolewa na Ambrose Shivachi, seremala, wakahamia Kawangware. Mwaka wa 2013 walimpata Derrick, aliyezaliwa na kromosomu moja zaidi, hali inayochelewesha ukuaji wa mtoto. Majirani hawakuja kumwona mtoto, na jambo hilo lilimuuma Mercyline sana. Mama mkwe wake, Mama Kavetsa, alifika baada ya miezi miwili, akakaa bila kumpakata.

"Hii damu si ya kwetu," akasema.

Kesho yake Mercyline alimpeleka mama mkwe kazini, akamketisha kwenye darubini.

"Hii ni hamira tu, Mama. Ona, hapa imegawanyika vibaya."

"Imerogwa?"

"Hapana. Uzi ulikosea tu, kama kwa Derrick."

"Sasa nani alaumiwe?"

"Hakuna."

Mama Kavetsa aliinama tena kwenye darubini. Walipofika nyumbani hakungoja hata chai. "Leta mtoto wangu," akasema.

Saratani iligunduliwa Februari 2024. Mercyline hakuogopa kufa kama alivyoogopa Derrick kubaki bila mtu. Aliaga dunia hospitalini tarehe 9 Agosti 2025, Mama Kavetsa akiwa kando ya kitanda.

"Na Derrick?" Mercyline alimuuliza kabla ya kukata roho.

"Lala, mwanangu. Huyo niko naye."

Ameacha mumewe Ambrose, mamaye mzazi, dada yake Sella anayesoma wasifu huu, na Derrick, mwenye miaka kumi na miwili. Leo asubuhi kuna waliosema mtoto aachwe nyumbani, asije akasumbua mazishi. Mama Kavetsa alikataa katakata. Tazameni, Derrick ndiye huyo aliye karibu kabisa na jeneza, ameshikana mikono na nyanya yake.

Pumzika kwa amani, Mercyline. Derrick hajaachwa.