Askari wa Thelathini na Mbili na Jiwe la Bibi Qiao

Ndugu Mgeni rasmi, viongozi ulioongozana nao, na majirani mliosimama kwa sababu viti vimekwisha:

KARIBU
Karibu Lintong. Tambi ziko jikoni, hatutakuchelewesha.

TULIKOTOKA
Miaka saba iliyopita wachimba kisima wa hapa walitafuta maji, wakakutana na vichwa vya udongo. Leo dunia nzima inalijua jeshi la udongo la Mfalme wa Kwanza wa China, lililozikwa pamoja naye. Sisi wanawake kumi na wawili tulifundishwa kuunga vipande, tukawaachia waume zetu ngano. Wamejitahidi.

MAFANIKIO
Tumesimamisha askari thelathini na mmoja. Wa thelathini na mbili alitushinda. Tulikuwa naye mzima hadi fundo la nywele, isipokuwa kibao anachokanyagia, na bila kibao askari hasimami. Alilala mchangani miezi kumi na minne.

Mwezi uliopita mwenzetu Mu Cailian alikwenda kwa Bibi Qiao Suzhen kuomba kabichi za chumvi. Alipoinua jiwe linalozikandamiza mtungini, aliona upande wake wa chini nyayo mbili za udongo. Akakaa chini. Bibi akamuuliza kama anaumwa, naye akamweleza.

"Basi lichukue, mwanangu," bibi akasema. "Nililiokota shambani mwaka nilioolewa. Ila uniletee jingine leo hii. Kabichi haziisubiri serikali."

Kibao kiliingia sawasawa. Askari ndiye huyo nyuma yako. Ananuka kidogo, tumemzoea.

CHANGAMOTO
Ofisi moja imemwandikia bibi afike Jumatatu ajieleze kwa nini alificha mali ya taifa. Ana miaka themanini na mmoja. Tangu barua ifike hali chakula vizuri. Amefunga nguo zake furushi, na anatuuliza kama huko kifungoni hutolewa blanketi.

Hakuficha kitu. Kila aliyekula kwake alikiona kile kibao, akiwemo karani aliyeipiga chapa barua hiyo. Yeye aliongezwa kabichi mara mbili.

MAOMBI
Tungeweza kuomba taa na brashi mpya. Zitasubiri. Tunaomba moja tu: uifute barua hiyo leo, hapa hapa, kwa sauti, maana bibi hasikii vizuri. Yuko safu ya pili, mwenye kitambaa cha buluu. Furushi amekuja nalo.

Tunakutakia afya, umri mrefu na wajukuu watiifu. Barua iko mezani mbele yako. Kalamu tumeijaribu, inaandika.

Ni sisi,
Wanawake Waungaji wa Vipande, Karakana ya Mashariki