Mama Dorothée Mbambu, Aliyezipandisha Darasa Mashine za Bunia

Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi, Mama Dorothée Mbambu, mkuu wa atelye, yaani karakana, ya kompyuta ya shule yetu ya ufundi, anastaafu rasmi Ijumaa tarehe 3 Julai 2026. Tangu tangazo libandikwe mlangoni mwa sekretarieti, watu wanamiminika atelye kuuliza kama ni kweli. Wengine wamekuja na mashine zisizo na kasoro yoyote, ili tu aziguse kwa mara ya mwisho. Amezigusa zote, kisha akawaambia wenyewe waache kumaliza mafuta ya pikipiki bure.

Alizaliwa Butembo katika familia ya wafanyabiashara, akafika Bunia pamoja na mume wake wakiuza redio na tochi. Redio zilizoharibika njiani alizifungua mwenyewe, na nyingi zilipona. Shule ilimwajiri mwaka 2004, mji ulipoanza kupumua tena baada ya vita, ili atunze mashine za sekretarieti. Hakuna aliyemtuma kuunda kompyuta. Alianza kwa sababu zile zilizouzwa madukani, zikiwa kwenye kartoni zao za kung'aa, hazikuwa za mwalimu wala za mwanafunzi. Basi akawa anaagiza vipande vilivyotumika, kutoka Kampala kupitia Mahagi, na kuviunganisha mwenyewe juu ya meza ile ndefu iliyo karibu na dirisha.

Kila mteja alipokewa kwa swali moja: "Weye utatumika nayo kazi gani?" Asiye na jibu alirudishwa nyumbani akafikiri. Wengi walikuwa wamesikia kwamba prosesa nzuri ni yenye mioyo mingi, maana ndivyo tunavyoziita hapa zile sehemu za ndani ya prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja, na kila mmoja alitaka minane. Mama aliwapeleka jikoni kwa mawazo. Prosesa ya moyo mmoja ni jiko moja: bugali ikiwa motoni, sombe inangoja chini. Ya mioyo minne ni majiko manne yanayowaka pamoja. Lakini alipotokea mchungaji mmoja akitaka minane ili aandike mahubiri, Mama hakumwonea haya. "Kama unapika chai tu, Pasta, majiko munane ni ya nini? Utamaliza makala bure." Hayo makala, yaani makaa ya jikoni, hayakuwa mzaha. Wengi wetu tunaishi kwa sahani ya jua na betri moja, kwa hiyo Mama alitazama kwanza prosesa inakula umeme kiasi gani, halafu ndipo akatazama mbio zake. Mchungaji aliondoka na ya mioyo miwili, na mahubiri yake ni marefu vilevile.

Jambo litakalobaki na jina lake ni ule utaratibu wa kupanda darasa. Aliwashauri wateja wote wachukue aina moja ya ubao mkuu, ule unaokubali prosesa ndogo leo na kubwa kesho. Unaanza na mioyo miwili. Kazi ikikua unarudi, unapanda minne, kisha sita, bila kununua mashine nyingine. Prosesa uliyoivua hailali kabatini. Inashuka kwa mtu anayekufuata, kwa bei ya chini, kama yunifomu ya kaka inavyomshukia mdogo wake. Na ambaye hata hiyo ilimshinda alijenga polepole: mwaka huu kasha tupu, baada ya mavuno ubao, prosesa Mungu akijalia. Mashine hizo zilikaa kwenye rafu moja ndefu, na wenyewe walikuja kuzitembelea kama watu wanavyokwenda kuona mgonjwa. Mwalimu mmoja wa Bogoro alipita kila alipokuja mjini, akalipangusa vumbi kasha lake, akaliaga. Hatukumcheka. Yaani, tulimcheka akiisha kutoka.

Tusidhani kwamba Mama hakuwahi kujikwaa. Kuna wakati alirudi kutoka Mahagi amejaa furaha na prosesa zilizotolewa katika mashine kubwa za ofisi za mbali, mioyo tele na bei ya karanga. Tulizifunga zote. Feni zikazunguka, taa zikawaka, na vioo vikabaki vyeusi. Tulibadilisha nyaya, tulibadilisha vioo, mwenzetu mmoja akapendekeza tuombe. Kumbe prosesa za aina ile hazijui kuonyesha picha zenyewe, zinahitaji kadi ya picha pembeni, na kadi hizo Bunia nzima hatukuwa nazo. Mama alipogundua alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akatusimulia habari hiyo sisi sote kwenye mkutano wa walimu kabla mtu mwingine hajamwahi.

Lakini wasifu huu hautakamilika bila habari ya mwaka ule barabara ilipofungwa, na hapa naomba niseme kwa kinywa changu, kwa sababu nilikuwa mmoja wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Ni miaka saba iliyopita. Mjomba Bruno, aliyenilea hapa Bunia, alikuwa ametamka mbele ya familia yote kwamba huo ndio mwaka wa mwisho wa kunisomesha. Nikikosa diploma, nirudi Kpandroma kuuza viazi. Kuuza viazi si aibu, mama yangu amefanya hivyo maisha yake yote na ndivyo tulivyokula. Ila mimi nilitaka kazi hii, niliitaka mpaka usingizi ukanihama.

Mtihani wa vitendo ulidai programu mpya, nzito, ambayo prosesa za chumba chetu cha kompyuta zisingeiweza. Shule ikaagiza za mioyo minne. Siku tuliposikia kwamba lori limetoka Kampala, furaha ilitupanda kichwani. Kwa kufuata utaratibu wetu mpendwa, tulizivua zile za zamani siku hiyohiyo, tukaziteremsha kwa shule ya msingi, tukanywa Fanta, na Papa Prefe Anaclet, mkuu wa shule, akatoa hotuba. Lori likafika Mahagi. Barabara ikafungwa kwa sababu ya usalama. Tukabaki na chumba kizuri cha makasha safi, yasiyo na prosesa ndani, na tarehe ya mtihani haikuwa ya kusogezwa na mtu yeyote wa Bunia.

Papa Prefe, ambaye nampenda na atanisamehe, alikuwa na wazo. Atelye ilikuwa imejaa mashine za wateja, zingine zikingoja kutengenezwa. Tuazime prosesa zao kimyakimya, alisema, mtihani ukiisha tunarudisha, nani atajua? Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilimwomba Mungu Mama akubali. Mama alitikisa kichwa. "Papa Prefe, hii vitu iko na wenyewe. Siye tutawauliza kwanza."

Niliona mwaka wangu umekwenda. Nilimkasirikia sana siku ile, na sasa anaposoma haya ndipo anajua.

Jumapili alisimama kanisani wakati wa matangazo, akaeleza shida yetu bila kuipamba, pamoja na habari ya Fanta. Kesho yake asubuhi pikipiki zilianza kuingia uani, abiria wakiwa wamepakata makasha yao kama watoto wanaopelekwa kupimwa uzito. Wa kwanza alikuwa Mama Kavira, fundi wa nguo, ambaye mashine yake ndiyo iliyomtunzia vipimo vya wateja wote. "Mutoe tu," alisema. "Watoto wapite kwanza." Akaja Yves mpiga picha na prosesa yake ya mioyo sita, akaja mwalimu wa Bogoro, ambaye alikuwa ameipata yake majuzi tu na hata hakuwa ameizoea. Na kwa kuwa Mama aliwang'ang'ania wote miaka yote wachukue ubao wa aina moja, kila prosesa iliingia kwenye soketi zetu bila ubishi. Zile ndogo zilizoshindwa na programu tulizishukuru tukazirudisha. Zilizobaki zilitosha. Wenzangu nami tuliketi, mashine zikawaka, tukafanya mtihani.

Kurudisha ndiko kulikotuchekesha. Joto liliyabandua majina ya wenyewe tuliyoyabandika kwenye prosesa, na hatukugundua. Yves alirudi analalamika: "Mama, foto moya inaanza asubui, inaisha midi, saa sita!" Kabla hajamaliza akaingia Mama Kavira na wasiwasi wake: "Ile mashine inafunguka hata sijakaa. Haiko na pepo?" Walibadilishana palepale. Mama Kavira aliachia ile ya mioyo sita kwa shingo upande, na mwaka haukuisha kabla hajarudi kupanda darasa.

Matokeo yalipotoka, Mjomba Bruno ndiye aliyeyaleta atelye mwenyewe, anakimbia, kopo la pudre, yaani poda, mkononi. Alinimwagia kichwani kama tunavyofanyiwa wote tunaposhinda, halafu akamgeukia Mama Dorothée. Huyu ni mtu asiyekubali hata chaki ikaribie mashine iliyo wazi. Alizifunika kwa kanga yake mashine mbili zilizokuwa wazi, akainamisha kichwa, akamwagiwa.

Leo mashine alizoziunda zinafanya kazi katika redio, zahanati na sekretarieti za mji huu, na nyingine zimefika hadi Boga, ambako yeye na mzee wake wana shamba la kakao linalowangoja. Mama, huko mtu akikufuata na kasha lake mwambie umestaafu. Tunajua hutaweza kusema hivyo, lakini jaribu.

Kwa niaba ya shule, ya wateja, na ya wale wote ambao prosesa zao zilipitia mikononi mwako, asante. Na kwa niaba yangu: kuanzia Jumatatu nitaketi mimi kwenye meza yako. Nitaketi pale kwa sababu ulikataa kufungua mali ya watu bila kuwauliza, na ulipowauliza, walikuja. Mungu akupe afya, miaka mingi ya raha na mzee wako, na mvua nzuri juu ya kakao yenu.

Ketsia, atelye ya kompyuta