Dawa Zimegoma, Choo Kina Foleni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Karibu kiwandani kwetu. Tuliambiwa tukusomee risala fupi na yenye furaha. Fupi tumeiweza.

TULIKOTOKA

Sisi ni washonaji wa laini ya nne, wanawake watupu. Zamani choo kilikuwa wazi. Kisha uongozi ukaleta kibao, kimoja kwa laini nzima. Aliyekivaa shingoni ndiye anayeruhusiwa kwenda msalani. Wengine tunabana mapaja tukingoja. Ukikiomba tena, msimamizi anauliza, "Umekuja kushona au kukojoa?" Siku moja Mama Pacha, mwenzetu wa mashine ya mwisho, alimjibu, "Kaka, kwani wewe ulizaliwa bila kibofu?" Tulicheka. Yeye akanyimwa kibao wiki nzima.

MAFANIKIO

Tunashona sare za wauguzi na hatujawahi kuchelewesha mzigo. Ili tusisumbue mtu kwa kwenda msalani, tumejizoesha kushinda bila maji. Tuliagizwa tutaje mafanikio, ndiyo hayo.

CHANGAMOTO

Mnaoona haya tukitaja mkojo mbele ya wageni, mtuwie radhi: mficha uchi hazai. Mkojo ulianza kutuchoma. Zahanati ya kiwanda haipimi. Kila anayelalamika anapewa vidonge vilevile. Nasi tumezoea kugawana. Aliyepata dozi anamwambia mwenzake, "Shika viwili, shoga, vitakupoza." Tulidhani huo ni upendo. Kumbe dozi nusu iliua bakteria dhaifu ikawaacha wakaidi, nao wakazaana. Muuguzi alituona tukigawana mlangoni pake. Hakutukanya, maana cherehani zilikuwa zinaendelea kuunguruma, na hilo ndilo lililotakiwa.

Sasa Mama Pacha amelazwa. Ana homa kali, na maambukizi yamepanda hadi kwenye figo. Hospitali ilipootesha wadudu wa mkojo wake maabara ili wajaribiwe dawa, kila kidonge kilichojaribiwa kilishindwa. Daktari akamwambia mama yake, "Mama, hawa wadudu wamezizoea dawa zetu. Imebaki sindano moja, nayo iko hospitali ya rufaa."

Gari la wagonjwa la kiwanda lingekuwa limeshampeleka huko tangu jana. Limezuiwa. Lilikuwa likioshwa kwa ajili ya mapokezi yako. Liko hapo nje, nyuma ya gari lako, limefungwa maua.

MAOMBI

Tuliambiwa tuombe zahanati kubwa zaidi. Kama itakuwa stoo ya vidonge vilevile, hatuitaki. Tunataka mkojo upimwe kabla ya dawa, dozi itolewe kamili na mtu aelezwe aimalize mwenyewe. Tunataka choo kisicho na kibao.

Hayo yanaweza kusubiri hotuba yako. Mama Pacha hawezi. Dereva ameshakaa kwenye usukani. Anangoja neno la mkubwa. Litamke sasa, kabla hujapanda jukwaani. Sisi mikono yetu tumeishusha, na makofi hutayasikia mpaka tusikie injini.

Mungu akupe afya njema, wewe na mabinti zako, na asiwaweke chini ya mtu wa kuwapimia haja zao.

Ni sisi,
Washonaji wa Laini ya Nne, pungufu mmoja.