Marehemu Toktosun na Kipanga Wake Karakoz

Ndugu, majirani, na ninyi mliozunguka ziwa lote mkaja kukanyaga tope letu, Mungu awalipe. Marehemu Toktosun, mwana wa Beyshenaly, alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1951 hapa hapa Tosh-Bulak, kusini mwa ziwa la Isik-Kul. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa baba yetu, na mimi Sagin ndiye niliyemfuata. Mama alikuwa akisema alizaliwa vipanga wakishuka kutoka milimani, ndiyo maana majani yakianza kupukutika hakukaliki naye nyumbani.

Alisoma shule ya kijiji mpaka darasa la saba. Mwalimu alimwambia baba, "Kichwa anacho, lakini macho yake yako dirishani." Mwaka 1970 aliitwa jeshini, akarudi 1972, akachunga kondoo wa shamba la ushirika mpaka shamba lenyewe lilipovunjika.

Hiyo ilikuwa ajira. Kazi yake ilikuwa kipanga. Majani yakipukutika alitega wavu na njiwa wa chambo, akanasa jike changa, akalibeba mkononi kutwa nzima, hata kwenye harusi za watu, lizoee kelele. Wakati wa theluji waliwinda sungura na kwale. Theluji ikiyeyuka, alimwachia aende zake akajenge kiota. Kwetu kipanga ni mgeni, na mgeni hafungiwi mlango. Karakoz peke yake ndiye aliyekaa naye misimu sita. Kila mwaka kaka alisema, "Mwakani."

Marehemu alikuwa mtu wa shaka, tusifichane. Kipanga akishiba mafuta hakujui tena. Ndiyo maana msimu wa kuwinda hupewa nyama iliyokamuliwa majini mpaka ikawa nyeupe: inajaza tumbo, njaa inabaki. Siku moja Karakoz alikaa juu ya mti, sungura akapita chini yake kama anakwenda sokoni, naye akamtazama tu. Kaka akanigeukia.

"Sagin, umemlisha!"

"Kaka, mimi mwenyewe sijala tangu asubuhi."

"Basi umemlisha chakula chako!"

Kumbe Karakoz alikuwa amekamata panya zizini. Kaka aliuona mkia wa panya, akasema, "Na huyo panya, nani kamleta?"

Mwaka 1976 alimwoa Burulcha, ambaye leo amekaa ndani ya hema akimlilia. Hata siku ya harusi alimuuliza, "Umenifuata mimi au farasi wangu?" Burulcha akamjibu, "Farasi. Wewe umekuja juu yake tu." Walijaliwa binti mmoja, Ayzada, aliyeolewa na Nurdin.

Ugonjwa wa mapafu ulimkamata mwaka jana mwezi wa kumi. Alilazwa mjini, akarudishwa nyumbani mwezi wa pili, akasema neno moja tu: "Karakoz mlisheni nyama nono, apate nguvu za kwenda zake. Theluji ikiyeyuka nimwachie kwa mkono wangu, ndipo niende." Kila asubuhi nilimletea ndege kitandani. Alimpapasa kifua, akamtazama Burulcha, akasema, "Amenenepa. Mnamlisha vizuri." Nami nikaridhika.

Lakini asubuhi moja nilimpapasa mwenyewe. Ndege akinona, mfupa wa kifua hupotea ndani ya minofu. Huu ulikuwa kama makali ya kisu. Nikaingia jikoni, nikakuta beseni la nyama nyeupe. Nikajua: kuna mtu anamweka ndege na njaa ili afae kuwinda, na kaka vidole vimekufa ganzi, hatambui. Nani basi? Wiki hiyohiyo Nurdin alionekana na mgeni mwenye koti la ngozi, na wageni wa namna ile siku hizi hununua vipanga. Nikamfuata zizini.

"Mkwe, ndege umemuuza kwa nani?"

"Baba mdogo, ndege gani? Yule alikuja kutazama kondoo!"

"Na nyama unaiosha ya nini?"

"Mimi? Tazama huu mkono! Nilipita karibu yake tu, akanichana. Nimuoshee nyama, ale na vidole?"

Sikumwamini. Nikaanza kuchungulia beseni linakwenda wapi. Likaenda kijitoni, na aliyelibeba ni Burulcha, anakamua nyama ndani ya maji ya barafu, mikono imekuwa myekundu.

"Shemeji, ni wewe?"

"Ni mimi. Alisema akimwachia ndipo aende. Sasa ndege asipokuwa tayari, ataendaje?"

Nilikaa juu ya jiwe. Nikakumbuka ndugu yangu alivyokuwa akipapasa kifua kile kila asubuhi, kisha anamtazama mkewe, naye mkewe anainamisha macho. Vidole vyake havikufa ganzi hata siku moja. Mtu aliyenishuku mimi kwa ajili ya panya aliujua mfupa ule, akaujua na mkono ulioiosha nyama, akasema, "Amenenepa."

Alifariki tarehe 17 Machi 2019 alfajiri, akiwa na miaka sitini na saba. Mlimani theluji ilikuwa bado haijayeyuka.

Ameacha mjane, Burulcha, binti, Ayzada, mkwe, Nurdin, ambaye bado ananitazama kwa pembeni, na ana haki, wajukuu wanne, mimi mdogo wake, na Karakoz. Tangu juzi shemeji anamkatia mkia wa kondoo mnono. Ameahidi mbele yenu kwamba siku ya arobaini atazifungua kamba za miguu ya ndege kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nitakuwa napita kila asubuhi kumpapasa ndege kifua. Si kwamba namshuku shemeji. Lakini nikiukuta mfupa una makali, nami nitasema amenenepa, na tutangoja kidogo.

Kaka, udongo uliokufunika uwe laini kama hariri, na Mola akupumzishe pasipo shaka.