Mahali Mshahara wa Elvis Ulienda

Watu wetu wa Uriri, na nyinyi mmetoka Homa Bay na Oyugis mkakanyaga matope hii yote kutufikia, nawashukuru kabla sijasema kitu. Mimi ni mama ya Obare, na huyu analala hapa mbele yenu ni Elvis, mtoto wa Obare, mjukuu wangu. Baba yake na mama yake walitangulia, mimi ndiye nilimlea, kwa hivyo historia yake nitasema mimi kwa mdomo wangu, zile tarehe Phanice binti yake amenisomea nikashika. Na kwa vile kuna maneno imezunguka matanga hii tangu Jumanne, ati pesa ya Elvis ilikuliwa na mke wake Rispa, na ati tukishazika Rispa arudi kwao, nitasema maisha yake polepole, mjue pesa ilienda wapi, halafu mtu atafute neno lingine.

Elvis alizaliwa tarehe tisa Aprili, mwaka wa 1990, hapa hapa Uriri, mvua ikinyesha, mimi ndiye nilimpokea, alilia mara moja akanyamaza akaanza kuangalia watu. Alisoma shule ya msingi ya hapa kuanzia 1996 mpaka 2003, akaenda shule ya bweni upande wa Homa Bay, akamaliza form four 2007, na mwaka wa 2009 akaenda Nairobi kusomea mambo ya mitambo ya simu, akamaliza 2013.

Mwaka wa 2014, mwezi wa pili, aliandikwa kazi Homa Bay na kampuni moja ya kuangalia mitambo ya simu. Nilimuuliza, nyakwara, mjukuu wangu, hiyo kazi ni ya kufanya nini? Akaniambia mimi nyanya yake, "Dana, mimi nakaa kwa kompyuta naangalia simu za watu zinakwama wapi, mlingoti gani umelemewa, halafu naambia wakubwa waongeze wapi." Nikamuuliza kama anasikia watu wakiongea. Akacheka, "Hapana Dana, siwezi sikia, nawaona tu kama siafu, wengi wako soko, wengine kanisa."

Na hiyo kazi ilikuwa kazi, sitaki kudanganya maiti. Mshahara wa mwezi mmoja ulinunua ng'ombe wa maziwa na kitu ikabaki ya kula. Yule ng'ombe mwekundu mnajua ni wake. Mahari ya Rispa alitoa kutoka hapo, tarehe kumi na saba Disemba, 2016, ng'ombe wakafika Oyugis wote wakiwa hai, hata shemeji zetu walishangaa. Karo ya watoto wa ukoo ilitoka hapo. Wewe Bonface, mwanangu, nakuita kwa jina juu nilikuzaa, pikipiki yako ya kwanza ilitoka hapo. Mungu akawapa Phanice 2017, na Obare mdogo 2020.

Sasa sikieni ile sehemu nyinyi hamkujua. Huo mwaka wa 2017 kampuni iliwaambia, nyinyi si wetu tena, nyinyi ni wa kontrakti, mtalipwa na mtu mwingine katikati. Kazi ile ile, kiti ile ile, lakini huyo wa katikati pia anakula. Ng'ombe ikawa ya miezi miwili. Ikaja corona, wakakata mshahara, wakasema ni ya muda, corona ikaisha, mshahara haukurudi. Elvis aliniambia, "Dana, ng'ombe anapanda, mshahara unateremka, wamepishana njiani na hawakusalimiana." Wakati huo mshahara wa mwezi ulikuwa ni wa mbuzi, na kodi ya nyumba ikilipwa hata mbuzi huoni.

Hiyo ndiyo miaka Bonface alikuwa anampigia simu mbele yetu, anaweka sauti juu, "Wewe mtoto umekalia mtambo wa pesa ya Kenya mzima, halafu unanitumia airtime ya ten bob?" Watu wanacheka. Na Elvis anajibu kwa heshima, "Baba mdogo, mimi naangalia tu njia simu inapita, pesa yenyewe sijawahi kuiona." Hakuna mtu aliamini. Kwenu nyinyi, kwa vile pesa inatumwa kwa simu, mtu wa simu ni mtu wa pesa, mkamuita mchoyo kwa harambee, na yeye akisikia.

Kule kazini walikuwa wanane kwa chumba yao. Wakabaki wanne, wakabaki wawili. Mwezi wa tatu 2023 wakamwambia asante, kontrakti imeisha, sasa kuna kompyuta Nairobi inaangalia milingoti yote peke yake. Kadi ya hospitali ilikufa siku hiyo hiyo. Alitafuta kazi kila mahali, akapata vijana wametoka chuo juzi, wanajua hiyo kompyuta mpya, na wanakubali nusu ya kile yeye alianza nacho. Mwishowe akapata kibarua Magunga, kutia diseli kwa jenereta ya mlingoti na kulinda waya isiibiwe, analipwa siku amefanya. Alikataza Rispa kusema, ati tutaaibika.

Na hiyo miaka miwili nani alikuwa mshahara wa ile nyumba? Ni Rispa. Ni karai yake ya samaki pale soko ya Homa Bay, na mikono yake muangalie, imechomwa na mafuta mpaka hapa. Kodi, unga, dawa ya presha, yote kwa karai.

Presha ilianza 2022, ikaingia kwa figo, mwaka huu mwezi wa tano akalazwa Homa Bay, akawa anaoshwa damu. Pale wodini ndipo Rispa alinieleza kila kitu, naye Elvis ameangalia ukuta. Alituacha Jumatatu, tarehe nne Agosti, 2025, asubuhi, nikiwa nimeshika mguu wake.

Kifo kimetokea, Bonface na wazee wawili wakavaa koti, wakaenda ofisini Homa Bay kuomba kiti ya marehemu ipewe Jeff, mtoto wa Bonface, isiende nje ya ukoo. Mzee Masese alikuwa mmoja wao, yeye ndiye aliniambia. Msichana wa pale akawaambia, "Wazee poleni, lakini Elvis hayuko hapa tangu mwaka wa juzi." Bonface akasema, "Tunajua hayuko, amekufa, tumekujia kiti." Akaambiwa kiti hakuna, ni kompyuta inafanya. Bonface akauliza, "Hiyo kompyuta ni mtoto wa nani?"

Chekeni, si vibaya. Lakini alirudi hapa na aibu, na badala aseme alikosea, akasema basi ile pesa ya zamani Rispa amejengea kwao Oyugis. Mimi nilifika Oyugis mwezi wa sita. Nyumba ya mama ya Rispa inavuja, tulisongesha kitanda mara mbili.

Elvis hakuwa amejenga hapa, ni kweli, na kwetu mwanaume bila nyumba haingii boma akiwa maiti, ndiyo juzi Alhamisi vijana wakasimamisha ile ya mabati pale karibu na fensi. Nasikia imepangwa ing'olewe tukimaliza, mabati irudi kwa Bonface. Hii boma mume wangu aliniachia mimi. Hakuna mtu atatoa hapo hata msumari.

Tunashukuru madaktari na manesi wa Homa Bay, majirani waliochota maji na kupasua kuni, akina mama wa soko ya samaki, na wale wenzake wanne wa ile chumba wamekuja, na wao pia hawana kazi. Ero kamano.

Rispa, simama watu wakuone. Ukitoka kaburini usirudi kukaa kwa viti ya wageni. Shika watoto, uingie kwako.

Na wewe Elvis, nyakwara, hakuna mtu atakuomba kitu tena. Pumzika kwa amani, mke wako ako nyumbani.