Mfumo wa Mbuzi Haurudi Ofisini kwa Mwenyekiti

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu; Chifu; Pasta uliyetufungulia kwa maombi; Bwana Kivuva, Mwenyekiti wa Ushirika wetu wa Wafugaji, pamoja na kamati yako; wageni mliotoka Mwingi na Makindu; na nyinyi wanachama, ambao hutajwa mwisho kila mara ingawa mbuzi ni wenu: Bwana asifiwe! Na kila wakati? Haya, mketi.

Mmeniita kuniaga. Miaka thelathini na mmoja nimetibu mifugo hapa Tseikuru, nimeumwa na punda, nimekanyagwa na ng'ombe, na leo mmenivika leso na kuniambia, “Wavinya, nenda ukapumzike.” Nashukuru kwa moyo wote. Lakini nimesoma ratiba ya sherehe hii, na maji yamenifika shingoni. Imeandikwa kwamba Bwana Kivuva ndiye “Mwasisi wa Wingu”. Aiya! Wingu gani hilo uliloanzisha, Mwenyekiti? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yule aliyefanya kazi hiyo ni Yvonne, binti wa Makindu, na mmemketisha kule nyuma karibu na masufuria!

Wageni wetu huenda hawajui tunazungumzia nini, basi nieleze. Miaka miwili iliyopita Yvonne alitutengenezea mfumo wa kuripoti mbuzi wagonjwa. Hakuandika programu mstari kwa mstari. Alitumia jukwaa ambalo mtu anavuta visanduku kwenye skrini na kuvipanga, hapa jina la mfugaji, hapa kijiji, hapa picha ya mbuzi, na likawa letu, tunalisimamia wenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Mfugaji anatuma ripoti kwa simu. Zikija tatu kutoka sehemu moja, mimi na daktari wa Mwingi tunaarifiwa papo hapo.

Sasa niulize: mfumo huo mliuweka wapi? Kwenye kompyuta moja, ndani ya ofisi ya Mwenyekiti, na ufunguo wa mlango ukakaa mfukoni mwake. Na kwa kuwa sisi ni watu wa kuheshimu vitu, kompyuta ile ikafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile tunachotandika juu ya makochi wageni wakija. Ikafunikwa ikiwa inafanya kazi, usiku na mchana! Yvonne akasema, “Mzee, hiyo mashine inahitaji hewa.” Akaambiwa vumbi la Tseikuru halijui mashine. Akakitoa kitambaa Jumatatu, Jumanne akakikuta kimerudishwa na kunyooshwa vizuri.

Mwezi wa tatu Mwenyekiti alisafiri kwenda Kalamba kwa mambo ya mahari ya mpwa wake. Sina neno na mahari. Lakini aliondoka na ufunguo, na siku ya pili kompyuta ikapata moto, ikazima. Siku nane ofisi imefungwa! Siku hizo nane homa ya mapafu iliingia kwa mbuzi wa upande wa mto. Mimi nilikuwa kwenye chanjo milimani, mahali simu haishiki. Mwaitu Syokau, uko hapo? Simama wakuone, mama. Mama huyu alituma ripoti mara kumi na moja, na mara kumi na moja simu ikamjibu kwamba mfumo haupatikani. Nilipofika kwake alikuwa na mbuzi wanane. Walikuwa thelathini na wanne. Hakunitukana, alinikaribisha uji. Ningependa angenitukana, haki ya Mungu, kwa sababu ule uji sijaumaliza rohoni mpaka leo.

Keti, mama. Pole.

Ndipo Yvonne akasema imetosha. Alichukua mfumo pamoja na kila kitu unachohitaji ili ufanye kazi, akaufunga ndani ya kile wanachokiita kontena. Nilimwomba anieleze kama mtu wa mbuzi, akanielewesha hivi: ni kama mpishi anayekwenda harusini na sufuria zake, unga wake, kuni zake mpaka mwiko wake, mwenye boma anampa nafasi tu, na chakula kinaiva vilevile popote. Kontena hiyo akaiweka kwenye seva ya kukodi, yaani kompyuta ya watu wengine isiyozimwa, huko mbali, kwenye hilo wingu mnalosikia. Kila alfajiri nakala ya kumbukumbu zetu inahifadhiwa mahali pengine. Mwezi wa sita stima ilipotea hapa siku nne. Kuna aliyeona mfumo ukizima? Mwezi wa saba ripoti tatu zikaingia asubuhi moja, daktari akafika na dawa kabla ya jua kutua, tukapoteza mbuzi wawili. Wawili!

Sasa sikilizeni vizuri, maana hili ndilo limenikalisha macho. Jumanne iliyopita kamati yenu imepitisha mambo mawili: mkataba wa Yvonne ukome mwisho wa mwezi huu, na mfumo urudishwe kwenye kompyuta mpya ofisini kwa Mwenyekiti. Sababu? Nimesoma kwenye kumbukumbu za mkutano kwa macho yangu: “Mali ya chama haiwezi kukaa mahali ambapo kamati haipaoni.” Ng'o! Kwani Mungu mnayemwomba kila Jumapili mmemwona wapi? Mnaogopa nani ana funguo za wingu? Katibu anazo, daktari anazo, wawili, na hakuna anayeweza kusafiri nazo akatuacha gizani. Mwenyekiti, nakuheshimu, tumekula pamoja na kuzikana pamoja. Lakini wewe unataka kuona mashine, na Mwaitu Syokau anataka kuona mbuzi. Nani kati yenu ndiye mwenye chama?

Usinionyeshe saa, Bwana Kivuva. Mstaafu hafukuzwi kazi.

Kifungu cha kumi na nne cha katiba yetu kinasema wanachama zaidi ya nusu wakikusanyika, wanaweza kubatilisha uamuzi wa kamati. Sisi ni wanachama mia tatu. Pale mlangoni mmeandikisha majina ya wanachama mia mbili na kumi na wawili. Kwa hivyo mimi Wavinya, mwanachama kamili, nauliza: anayetaka mfumo ubaki ulipo na Yvonne abaki kazini, ainue mkono.

Juu kabisa, kina baba wa nyuma, msikune kichwa! Katibu, hesabu. Usimwangalie Mwenyekiti, angalia watu.

Mia moja na tisini na sita. Mia tisini na saba. Ngojeni, kuna mkono mmoja hapa meza kuu. Ni Mama Musyimi, mke wa Mwenyekiti. Usiushushe, mama. Mbuzi wa nyumba ile ni nani anayewachunga, si ni wewe?

Katibu, andika. Yvonne, Jumatatu uko kazini. Na nyinyi nyote mlionivumilia mpaka hapa, kwa masikio yenu na kwa mikono yenu, nawashukuru sana.